Kushukia Kapolowe

Ukitaka kujua nani amekufa mtaani Kikula, hapa Likasi, amekufa na nini, na nani anasingiziwa, usijisumbue kwenda kwenye matanga. Nenda kaketi kwenye benchi la Mama Germaine, pale magari ya Lubumbashi yanapojaza abiria, nunua kikombe kimoja cha kahawa, kisha funga mdomo. Benchi lenyewe ni ubao mrefu juu ya matofali, umeegemea ukuta wa depo ya unga, na wanaolikalia ni walewale kila asubuhi. Kuna Hervé, anayenunua mawe ya wachimbaji. Wanamwita Teneur, kwa sababu hudai kwamba akilitazama jiwe tu anajua lina shaba kiasi gani. Kuna Georges, mstaafu wa kiwandani, anayeitwa Sirène, yaani king'ora. Huyo hajui kusema polepole, na majirani humsikia kabla hawajamwona. Kuna Osée mchimbaji, anayeitwa Amina kwa kuwa ndivyo anavyofunga maneno yake. Na kuna Ghislain, fundi umeme, anayeitwa Fusible, yaani fyuzi, kwa maana hachukui muda kuungua. Asubuhi hiyo Fusible alikuwa ameketi mwisho wa benchi na mfuko wa nguo magotini, kimya, kahawa yake inapoa. Hilo peke yake lingetosha kuwashtua watu wenye akili. Lakini benchi lilikuwa na habari tamu zaidi.

— Minye mwenyewe nilikuwa pale, Osée alikuwa anasema. Jumapili, kanisa imejaa. Mama Simone anasimama mbele ya bantu bote, anasema: Bandugu, nilikuwa na cancer mu matumbo. Banganga ba Lubumbashi balitaka banipasule. Nilikatala! Nilienda ku Kapolowe kwa Papa Dominique, nilikunywa mizizi yake, chupa juu ya chupa. Leo munaniona, niko nabeba mufuko ya unga ku kichwa. Amina!

— Amina! Sirène aliitikia, na abiria wawili waliokwisha kupanda garini wakageuka kutazama kuna nini.

Ghislain hakuitikia. Habari ya Mama Simone ilikuwa imemfikia tangu Jumapili jioni, na tangu hapo hakulala vizuri, kwa sababu ugonjwa ule ulikuwa wake pia. Pale kwenye benchi hakuna aliyejua. Damu aliyoiona chooni alidhani ni bawasiri, akanyamaza, kama wanaume wanavyopenda kunyamaza. Alipokonda mpaka suruali ikataka kamba, mkewe Fidélie alimkokota hadi hospitali moja ya Lubumbashi. Daktari wa kule hakuzungukazunguka. Uvimbe uko kwenye utumbo mpana, alisema, umeshaingia kwenye tezi za jirani, lakini ini bado ni safi. Tukate, kisha tukuwekee dawa ya mshipani kwa miezi kadhaa. Huenda ukatoka na mfuko ubavuni wa kupokelea choo. Usichelewe.

Leo ilikuwa siku ya kwenda kulazwa. Fidélie alimfungia nguo, akamchorea msalaba kwenye paji la uso, akasema atamfuata kesho. Asichokijua Fidélie ni kwamba mumewe alikuwa amekwisha kuamua nusu kutofika Lubumbashi. Gari lilelile hupita Kapolowe. Mtu akigonga bati na kusema nashuka, wanamshusha. Na mambo yote mawili hayawezekani, kwa sababu Papa Dominique amesema wazi kwamba tumbo lililoguswa na kisu yeye haligusi.

— Minye niko na kamarade moya ku Kambove, Ghislain alisema. Iko na ile ugonjwa. Banamwambia aingie hopitali, bamukate. Mweye munaona aende?

Sauti ilimtoka kavu. Akajifanya anapuliza kahawa iliyokwisha kupoa.

— Asiende! Sirène aliruka. Cancer ni sawa makala yenye majivu juu. Ukiacha, inalala. Ukifungua, upepo inaingia, moto inapanda. Kalombo, fundi ya atelier, alienda ku kisu anacheka, anasalimia bantu. Ile mwezi haikuisha, tulimuzika.

— Alienda anacheka wapi? Teneur alisema. Kalombo alibebwa. Alikuwa mifupa tupu.

— Na nani alimumaliza? Upepo! Na kama kisu haikumalize muntu, banamutundikia baxter ya chimio, ile dawa ya mu mushipa. Munayua mule ndani muko nini? Acide! Ile tulikuwa tunamwangia mawe ku usine. Minye nilitumika na acide maisha yangu yote, hakuna mwenye atanidanganya. Inatoa cuivre, shaba ile, ndiyo, sikatale. Mais inakula na bassin yenye inatiwa!

— Docteur hakuniambia ni acide, Ghislain alisema.

Mama Germaine alikuwa ameinama anachochea mbabula yake, makaa yameshika vizuri. Aliinua kichwa.

— Hakukuambia weye?

— Kamarade. Hakumwambia kamarade. Minye nilimusindikiza tu.

Akaendelea upesi kabla mama huyo hajamtazama zaidi:

— Docteur alisema hivi. Ukamate bantu kumi benye cancer yao imefika kiasi kile. Kwa kisu peke yake, karibu nusu banapita myaka tano. Ukiongeza chimio, moya ao mbili tena banaokoka.

— Moya ao mbili! Teneur aliweka kikombe chini. Na bale bengine banatapika bule?

— Alisema ndiyo. Bengine kisu ilikuwa imesha kubaponesha, chimio haibaongezee kitu. Bengine hata ukibapa chimio, banakufa. Na hakuna mwenye anaweza kukuambia mbele weye uko gani.

— Ile kumi ni ya wapi? Teneur aliuliza. Ya Likasi?

— Mingi ni ya Ulaya. Docteur alisema hapa kwetu hatujahesabu muzuri bado. Hapa bantu banachelewa kufika, dawa inakatika katikati. Inaweza kuwa chini ya pale.

— Munaona? Sirène aliwageukia wenzake. Hata yeye mwenyewe hayui!

Daktari alikuwa amemwambia Ghislain hayo akimtazama usoni, na Ghislain alimheshimu kwa hilo, akamchukia kwa hilohilo. Mle chumbani mwa daktari Ghislain alikuwa ameweka mikono juu ya meza, akavitazama vidole vyake kumi vyenye makovu ya kazi, akajiuliza yeye ni kidole gani. Mpaka leo alikuwa hajaacha kuvitazama. Akiwa anakula, akiwa anasali, akiwa anafunga nyaya za watu, macho yanarudi palepale.

— Kwa Papa Dominique hakuna moya ao mbili, Osée alisema kwa upole, kama anamwambia mgonjwa. Kule ni bote.

— Bote?

— Bote benye banafwata masharti.

Bote. Neno lile lilimwingia Ghislain likakaa. Kuna mtu gani duniani asiyetaka wote? Daktari amesoma miaka yote ile, ana mashine, ana koti jeupe, na anachoweza kukupa ni labda. Mzee mmoja wa Kapolowe ana mizizi na chupa, na anakupa wote.

— Lubumbashi! Kapolowe, Lubumbashi! receveur, konda wa gari, alipiga kelele akigonga mlango. Fasi tano!

— Masharti gani? Ghislain aliuliza.

— Usikule nguruwe. Usikule kambale. Usiende ku kilio. Na usikuwe na magombano na bakwe. Hii ya bakwe njo kubwa. Ukigombana na mama mukwe, chupa inayua.

— Inayua namna gani? Teneur aliuliza.

— Inayua! Inageuka maji tu. Hata kama ni bibi yako njo aligombana naye, weye hauko na habari, chupa inayua.

— Ah, hiyo ni kweli kabisa, alisema Sirène, ambaye hajapata kuiona chupa hiyo. Na cancer nayo iko na masikio! Banganga bakisha kuitaja jina mbele yako, inasikia, inayua bameiona, inaanza kukimbia mu mwili yote. Kama hakuna mwenye anaiita jina, inaweza kulala na weye mpaka unazeeka.

— Sirène, umesoma wapi hii?

— Mu maisha!

Mama Germaine aliinyanyua birika kutoka kwenye makaa na kuirudisha kwa kishindo, ingawa hakuna aliyekuwa ameomba kahawa. Wanaume hawakumwona. Benchi lina dawa ya kila ugonjwa isipokuwa ugonjwa wa kutosikia.

— Basi maneno imekuwa mingi, Teneur alisema. Tuhesabu. Fusible atamupelekea kamarade yake jibu yenye iko sawa.

Akaingiza mkono mfukoni mwa koti. Mnunuzi wa mawe hakosi mawe mfukoni. Akayamwaga kwenye ubao, ya kijani ya shaba na meusi ya kobalti, akayatenga kwa kidole.

— Ya kijani ni benye bamepona. Ya weusi ni benye bamekufa. Huku chupa ya Kapolowe. Huku kisu ya Lubumbashi. Mutaje bantu benye munayua, si ba kusikia.

— Mama Simone, Osée alisema. Kijani!

— Balimupima mbele? Balikata kipande bakaangalia kama ni cancer kweli?

— Ya nini kupima kintu yenye unasikia mu tumbo yako mwenyewe?

Teneur alisita, kisha akaweka jiwe la kijani.

— Mwalimu Glody, kijani. Na mama ya fundi ya viatu, kijani. Bote batatu balishuhudia, nilisikia na masikio yangu.

— Kwa kisu, Kalombo, Sirène alisema. Weusi! Shemeji yangu, weusi. Na Julie wa hii depo, hapa mugongo yetu, weusi.

— Julie alipasuliwa ku kizazi, Mama Germaine alisema.

— Kisu ni kisu!

— Na kijani ya kisu? Teneur aliuliza. Muntu mwenye alikatwa matumbo na iko muzima? Nani anayua moya?

Osée alikuna kichwa. Sirène alikunja mikono kifuani, ameshinda kesi. Upande wa chupa, matatu ya kijani. Upande wa kisu, matatu meusi. Mbele ya macho ya Ghislain mambo yalikuwa yamekwisha; hata mtoto angeweza kuyasoma mawe yale. Alihisi kitu kinalegea ndani yake, na akaona haya, kwa sababu kilikuwa furaha. Hatakatwa. Hatatembea na mfuko ubavuni. Atashukia Kapolowe, na Fidélie atamwelewa siku moja akimwona amebeba gunia.

— Fasi tatu! receveur aliita. Tunakwenda hivi!

Ghislain akaushika mfuko wake wa nguo.

Hapo ndipo mwanamke mmoja aliyekuwa ameketi kwenye ncha ya pili ya benchi alipotoa neno. Alikuwa amefika muda si mrefu na kapu kubwa tupu lenye harufu ya samaki wakavu, amefunga kitenge juu ya kitenge kama mtu anayesikia baridi, na alikuwa ameomba kahawa kwa sauti ndogo. Alijitaja Élisabeth pale Mama Germaine alipomsalimu. Anatoka ng'ambo ya Kapolowe, kwenye ziwa la Tshangalele, huja Likasi kuuza samaki na kurudi. Alikuwa anayatazama mawe.

— Samahani, bapapa, alisema. Bale benye balikunywa chupa na balikufa, mawe yao iko wapi?

— Hakuna, mama, Osée alisema. Hakuna hata moya.

— Hata moya?

— Hata moya.

— Juu siye kwetu, tunakaa ku njia yenye inaenda kwa Papa Dominique. Naona bantu banapita. Bengine banabebwa ku baiskeli. Sasa nilikuwa naulizaka mu roho yangu kama bote balirudia kwao bazima.

Mwanamke alisema hivyo tu, tena kwa unyenyekevu, akarudi kwenye kahawa yake. Osée akafungua mdomo kusema juu ya masharti. Hakupata nafasi. Mkono wa Mama Germaine, wenye unga wa makaa, ulipita mbele ya uso wake, ukaokota jiwe jeusi, ukaliweka upande wa chupa.

— Bwana yangu, alisema.

Teneur, Sirène na Osée walikuwa wamebeba jeneza la mume wa Mama Germaine. Wote watatu walikuwa wamekaa naye kwenye benchi hilihili.

— Germaine, Sirène alisema, na safari hii sauti yake ilikuwa ya mtu wa kawaida. Bwana yako balimutilia sumu ku kazi, ku mine. Tulisema bote.

— Mulisema mweye. Minye nilinyamaza.

— Juu ya nini?

— Juu alikuwa na ile ugonjwa, na docteur alisema ni mapema, anaweza kumukata. Alikatala. Alikunywa chupa ya Kapolowe mpaka tumbo ilijaa maji. Nilienda kuuliza Papa Dominique, akaniambia: weye na mama mukwe yako munagombana, njo weye uliharibu dawa. Akaniambia mbele ya bandugu ya bwana yangu! Sasa ningesema nini ku kilio? Ningesimama mu kanisa gani, nitoe ushuhuda kama niliua bwana yangu na midomo yangu? Mulisema sumu. Nikasema sawa, ikuwe sumu.

Alifuta mikono kwenye kitenge, akarudi kwenye mbabula yake, akawapa mgongo.

Teneur aliliangalia jiwe lile. Ni mtu ambaye hanunui gunia la mchimbaji bila kulimwaga lote chini, kwa sababu anajua mawe mazuri huwekwa juu na mabaya chini. Magomvi yake yote ya kazi yanatoka hapo. Na sasa alikuwa ametaka kununua gunia zima kwa kutazama mdomo wake tu, na kumpelekea mtu aliye mgonjwa.

— Amina, alisema. Osée. Weye unayua mwingine?

Osée alikuwa ameinamisha kichwa.

— Baba mudogo yangu, alisema. Alikunywa. Na binti ya jirani yetu, Jessica, naye alikunywa.

— Bako wapi leo?

Osée aliweka mawe mawili meusi, moja moja, na hakusema Amina.

Sasa upande wa chupa ulikuwa na matatu ya kijani na matatu meusi, na hakuna aliyeamini tena kwamba hesabu imekwisha. Sirène aliyatazama mawe ya pande zote mbili.

— Donc basi, ni vile vile! alipaza sauti, amefurahi kuirudia sauti yake. Chupa inaua, kisu inaua. Dawa yote ni bule. Kamarade ya Fusible akae kwake, akunywe bia yake, angoje siku yake!

— Nyamaza!

Ghislain alikuwa amesimama. Mfuko wa nguo ulianguka, kikombe kikapinduka, kahawa baridi ikamwagika kwenye viatu vya Sirène.

— Nyamaza, Sirène! Hakuna kamarade! Kambove hakuna muntu! Ni minye! Ni minye niko na ile kintu mu tumbo!

Gari lilikuwa linanguruma pale kando. Mama Germaine aligeuka, na usoni mwake hamkuwa na mshangao, mlikuwa na huruma tu.

— Bibi yangu anayua naenda hopitali, Ghislain alisema. Minye nilikuwa naenda kushukia Kapolowe. Sasa hivi, na hii gari. Mulikuwa munachezesha mawe, na minye nilikuwa nangojea muniambie kama nitaona batoto yangu banakomaa. Naogopa! Naogopa kisu, naogopa ile mufuko, naogopa kufa. Munioneshe muntu moya. Siombe kumi. Moya tu, mwenye alikatwa na iko muzima, nimuone na macho.

Watu hawa wanajua bei ya kila jiwe kutoka hapa mpaka Kolwezi, na hawakuwa na mtu hata mmoja wa kumpa mwenzao.

— Fasi mbili! receveur aliita. Fasi mbili za mwisho!

Mama Élisabeth aliweka kikombe chake chini. Akatazama kushoto, akatazama kulia, jinsi mwanamke anavyotazama kabla ya kumnyonyesha mtoto barabarani, kisha akaushika mkono wa Ghislain na kuubandika ubavuni mwake, juu ya vitenge. Chini ya nguo Ghislain alihisi kitu laini, kama plastiki iliyojaa hewa kidogo. Alitaka kuutoa mkono, akajizuia.

— Njo ile mufuko unaogopa, mama alisema. Yangu iko na myaka mbili.

— Mama, weye...

— Balinikata Lubumbashi. Munasema hakuna muntu. Tuko. Mais nani atasimama kanisani aseme anachukua mavi ku ubavu? Minye nauzisha samaki, papa. Bakisha kuyua, nani atakula samaki yangu? Hata mu kijiji yetu banayua tu niliugua. Leo nimesema juu nimekuona unalia.

Ghislain hakujua kwamba analia. Akajifuta kwa kiganja.

— Na chimio? Balikutundikia? Ni acide kweli? aliuliza kama mtoto.

— Siyui ni nini. Vidole yangu ilikuwa inawaka nikigusa maji ya baridi, na kazi yangu ni maji. Ilinishinda katikati. Docteur alikasirika, mais niliacha.

— Mais ulipona.

Teneur aliokota jiwe la kijani kubwa kuliko yote, akalipeleka kwa heshima upande wa kisu. Mkono wa mama ulimwahi, ukamshika kifundo.

— Ngoja, papa. Usiweke bado. Docteur alisema myaka tano, na minye sijafika. Kila mara nikisikia tumbo inauma kidogo, naamka nakaa. Inaweza kuwa kisu ilitosha. Inaweza kuwa ile nusu ya chimio ilisaidia, ao ile nusu nilikatala njo ilikuwa ya kunisaidia. Inaweza kuwa iko mule inakuya polepole. Ya kijani ni ya benye bamepona. Ya weusi ni ya benye bamekufa. Minye niko nauzisha samaki. Munanitia rangi gani?

Teneur alibaki na jiwe hewani.

— Mama na papa, munapanda ao hamupande? receveur alikuwa amesimama mbele yao, shati limemlowa jasho. Dereva anakasirika.

Ghislain aliokota mfuko wake wa nguo kwa mkono mmoja, na kwa mwingine akachukua kapu la Mama Élisabeth.

— Mama atashukia Kapolowe, alimwambia receveur. Minye nafika Lubumbashi.

Hakuna aliyemshangilia. Mama Germaine alimfuata mpaka mlangoni mwa gari, akamfungia kifungo cha juu cha shati kama ambavyo angemfungia mume wake. Ghislain akamwacha mama wa samaki apande kwanza. Kisha yeye mwenyewe, mguu mmoja ukiwa tayari garini, aliwageukia wenzake.

— Munisikie muzuri, alisema. Nikikufa, musiseme ni sumu. Musiseme ni upepo, musiseme ni mama mukwe yangu, muache mama ya bantu na amani yake. Semeni: Ghislain alikuwa na cancer ya matumbo, balimukata, alikufa. Muniweke ya weusi, na mukuwe na ujasiri ya kuiweka. Nikiishi, nitakuya kukaa hapa na mufuko yangu ku ubavu, na mwenye atacheka acheke. Muniweke ya kijani.

— Na kama ni katikati? Teneur aliuliza. Kama ni sawa mama huyu? Fusible, tuweke nini?

Dereva alipiga honi.

— Basi mungoje na minye, Ghislain alisema, akapanda.